Mpaka Githeri Iive

“Wewe dereva, kazi yako imeishia hapa,” Tata Wacuka, shangazi yangu, alimwambia Kiilu pale kwenye geti la msitu, mahali ambapo lori lilikataa kwenda mbele. “Lala chini ya gari lako upumzike. Tukirudi jioni tutakuamsha.”

“Asante sana, mama,” Kiilu akasema. Akafunga mlango wa lori, akatia ufunguo mfukoni, akainua mzigo wa kuni uliokuwa umewashinda vijana wawili wa kanisa, akautupa begani na kuanza kupanda mlima mbele ya kila mtu.

Kicheko kilinitoka. Nilikigeuza kikohozi na kujifunika leso mdomoni, lakini Tata hakudanganyika.

“Kohoa tu,” akaniambia. “Angalia usikohoe mpaka ukaolewa Ukambani.”

Tulikuwa watu ishirini na wawili kutoka Ziwani na Makadara, mitaa ya Nairobi, kundi la vijana wa kanisa, tumekuja kuona ziwa lililo juu ya Mlima Kenya upande wa Chogoria. Mwezi wa pili, mwaka wa sabini na nane, mbingu safi hata wingu hakuna. Mimi Wacera nimezaliwa Ziwani, nimekulia Ziwani, nimeshona nguo Ziwani tangu nilipoacha shule kidato cha pili baba alipofariki, na katika miaka yangu ishirini na sita sikuwahi kuona ziwa hata moja. Hiyo ndiyo sababu niliyompa kaka yangu Irungu. Hakuiamini.

“Lori ni la nani?” aliniuliza.

“La kukodi.”

“Dereva ni nani?”

Nikajifanya natunga uzi kwenye sindano. Basi Irungu akamtuma Tata Wacuka, dada ya marehemu baba yetu, aje anilinde. Miaka sitini na moja, goti moja bovu, viatu vya raba alivyoazima kwa mpangaji wake, na bado alikuwa anapanda akiwapita wasichana waliokuja na visigino virefu kama wanakwenda kupigwa picha. Mgongoni alibeba sufuria kubwa kwa mkanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, vile alivyokuwa akibeba maji alipokuwa msichana. Ndani ya sufuria mlikuwa na mahindi makavu na maharagwe makavu, kilo kumi zikipungua ni kidogo.

“Mama, si ungekuja na mkate?” Njogu alimwambia. Njogu ndiye katibu wa vijana, mtu wa filimbi shingoni na saa ya mkononi kila mkono, kwa kuwa hakuiamini hata moja.

“Mkate ni chakula cha mgonjwa.”

“Au ungeichemsha nyumbani.”

“Githeri iliyochemshwa Alhamisi itakuwa imechacha leo. Nitaipika ikiwa safi, pale pale ziwani. Wewe puliza filimbi yako.”

Akapuliza. Tukapanda.

Msitu ulipoisha tuliingia katika vichaka vya kijivu, miti mifupi yenye ndevu zinazoning’inia, na njia nyembamba ya mtu mmoja mmoja. Upepo ulikuwa na meno. Kila njia ilipokunja kona, Kiilu, aliyekuwa mbele na kuni zake, aligeuza shingo. Aligeuka kidogo tu, kama dereva anayetazama kioo cha pembeni, na kila mara macho yake yalinikuta mimi. Nami kila mara nilikuwa tayari nimeshayainua yangu. Nikihesabu kona zile, sisi tuliongea mengi asubuhi ile bila kufungua mdomo.

Nilimjua miezi kumi na minne kabla, alipoleta turubai la lori limepasuka kutoka pembe hadi pembe.

“Fundi, nishonee suruali ya gari langu,” alisema.

“Gari lako lina kiuno cha ngapi?”

“Njoo ulipime.”

Nililishona siku mbili kwa mkono, maana cherehani ilikataa. Tangu hapo turubai lile lilipasuka kila wiki, mpaka nikamwambia aache kulichana kwa kisu, anisalimie tu kama watu wengine.

Lakini Jumamosi iliyokuwa inakuja, wazee wa Wanyoike walikuwa wanafika kwetu kuniposa. Wanyoike si mtu mbaya. Ni mjane, ana duka la mabati Thika, na siku aliyokuja kunitazama aliniuliza maswali mawili: kama naumwa mgongo, na kama cherehani ni yangu. Irungu alimpenda kabisa. Sasa, kwetu, hata tukiwa watu wa kanisa na kinywaji chenyewe kimekuwa soda, mzee hashiki glasi kabla binti hajaulizwa mbele ya wote: tunywe au tusinywe? Binti akisema kunyweni, ameolewa. Hiyo ndiyo kauli waliyokuwa wananitafutia. Na Tata hakuja mlimani kunizuia kutazamana na dereva. Alikuja ashuke na ahadi yangu.

Tulifika ziwani saa nne kasoro. Nilikuwa nimejitayarisha kulitania, niseme ni bwawa la ng’ombe, lakini maneno yalikwama. Maji mapana, ya buluu iliyoiva, yametulia katikati ya majani ya rangi ya simba, na nyuma yake vilele vya mawe vimesimama wima. Kandokando kulikuwa na mimea ya ajabu, kama kabichi zilizopanda juu ya nguzo za stima. Tata aliteremsha sufuria, akageukia vilele, akasimama, viganja wazi kama mtu anayeomba. Kisha akajifuta pua kwa ncha ya leso na kuwa yeye tena.

“Kuni,” akasema.

Kiilu akaziweka miguuni pake. Tata akapanga mawe matatu, akawasha moto, akateka maji ya ziwa, akainjika sufuria. Alipomaliza akasimama baina yangu na Kiilu, na kundi lote likanyamaza kwa kuwa alikuwa ameinua mwiko.

“Sikilizeni nyote, muwe mashahidi. Sitaki kesho kusikia Wacuka ni mchawi, Wacuka amewatenganisha watoto. Hawa wawili wana maneno. Basi nawapa nafasi ya kuyamaliza. Wakae pale kwenye jiwe, mahali ninapowaona. Waseme yote mpaka githeri iive. Ikiiva, wewe Wacera utakuja ule, na utanipa neno lako la Jumamosi. Wewe dereva utashuka kwa gari lako, na hutapita tena mlango wa Irungu. Mmesikia?”

“Tata, mimi sijakubali...”

“Sijamaliza. Dereva, sitaki hotuba. Umekubali au hujakubali?”

Kiilu alitazama sufuria. Akatazama moto. Akatazama vile vilele, kisha akaitazama tena sufuria, muda mrefu kuliko ilivyostahili.

“Mpaka githeri iive?” akauliza.

“Mpaka iive.”

“Si ikianza kulainika?”

“Wewe unanifundisha mimi githeri? Mpaka iive, ibonyezeke kwa vidole.”

“Nimekubali, mama.”

Alikubali hivyo hivyo. Hata hakupigana! Nilimfuata mpaka kwenye jiwe kando ya maji nikiwa nimefura.

“Saa tatu,” nikamwambia hata kabla hajakaa. “Umeniuza kwa saa tatu za maharagwe. Wanyoike angalau angetoa mbuzi.”

“Kaa, Wacera.”

“Sikai.”

“Basi simama upande huu unizuilie upepo.”

Nilikaa. Alivua koti lake la kazi, lile lenye harufu ya dizeli na sabuni ya kipande, akaniwekea mabegani. Nilitaka kulitupa. Sikulitupa. Kulikuwa na baridi, na mimi si mjinga.

“Mama yako amesemaje?” nikamuuliza. Alikuwa ametoka kwao Mbooni wiki iliyopita.

“Mama ni Kalekye yule yule. Amesema Wakikuyu mnamaliza mwanamume kama mchwa, na kwamba nikikuoa atakwenda kukaa kwa dada yake.”

“Ukamjibuje?”

“Nikamwuliza nimbebee mzigo gani kwanza, kitanda au kabati.”

Nilicheka, na kucheka kule kukaniumiza, kwa sababu nilijua nitakosa kucheka hivyo mezani kwa Wanyoike. Kiilu hakuwa amenishika hata mkono. Macho ya Tata yalikuwa juu yetu kama taa mbili. Lakini alikuwa ameketi karibu kiasi kwamba nilisikia joto la bega lake, na alipokuwa akinitazama alinitazama polepole, kama mtu anayesoma barua aliyoingojea na hataki iishe.

“Twende Mombasa,” akasema. “Nina safari ya saruji Jumatano. Upande kwa gari, tusiulize mtu. Mwaka ukipita watatuita wenyewe.”

“Mimi sitoroki.”

“Si kutoroka...”

“Ni nini basi? Kiilu, baba alipokufa nilikuwa na miaka kumi na sita. Wenye nyumba walikuja na kufuli. Sikutoroka. Nilikaa mlangoni na cherehani mapajani mpaka wakaona aibu. Nimesomesha wadogo zangu wawili kwa sindano. Leo nitoke nyumba ile kwa dirisha, kama nimeiba? Mwanamume ninayemtaka simfichi chini ya turubai.”

Akachukua kijiwe, akakizungusha vidoleni.

“Mimi ni dereva,” akasema taratibu. “Kaka yako ananiona turnboi, mpakiaji wa lori tu, aliyepata bahati. Nikisimama mbele ya wazee wenu nitasema nini?”

“Mimi ndiye nitakayeulizwa. Wewe hutaulizwa kitu.”

Jua likapanda. Tukaongea mengine. Alinieleza juu ya barabara, juu ya baba yake aliyechonga vinyago mpaka vidole vikapinda, juu ya jina ambalo angempa binti wa kwanza, na hapo mimi nikageuza uso majini. Mara kwa mara tulimsikia Tata akipiga ukingo wa sufuria. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Saa saba nikageuka kumtazama, nikamwona amepiga magoti anapuliza moto, leso imemteleza kichwani, macho mekundu kwa moshi.

“Mbona haiivi?” nikasema. “Kwetu ingekuwa imeshaliwa.”

Kiilu aliinamisha kichwa. Mabega yake yalianza kutikisika.

“Unalia?”

Hakuwa analia. Mtu yule alikuwa anacheka, ameuma kola ya shati lake asisikike.

“Wacera,” akasema alipopata pumzi, “haitaiva. Mwaka juzi niliwaleta wazungu wapanda mlima, nikapanda na wapagazi mpaka kibanda cha juu. Wakaniambia, huku maharagwe hayaivi. Maji yanachemka haraka, yanaruka, yanatoa povu, lakini hayana ule moto. Unaweza kupika mpaka kesho. Yatakuwa mawe yaliyooga.”

Nilimtazama mdomo wazi.

“Na ulijua? Wakati Tata anasema?”

“Nilijua.”

“Mpaka githeri iive?”

“Mpaka iive,” akasema, “ibonyezeke kwa vidole. Mbele ya mashahidi ishirini.”

Nilicheka mpaka machozi. Nililala chali juu ya jiwe lile nikacheka, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimshika mkono, nikaukaza, na Tata aone akitaka. Tulikuwa na siku nzima! Tulikuwa na wakati usio na mwisho! Wazee wa Wanyoike wangezeeka kwenye viti vyao wakingoja.

Kisha kicheko kikaniisha, taratibu, kama maji yanavyotoka katika karai.

“Na tukishuka?” nikauliza.

“Tukishuka, mapatano yanasema bado hatujamaliza.”

“Kiilu, kule Ziwani maharagwe huiva.”

Akageuka kuutazama moshi wa Tata.

“Kule Ziwani ni saa tatu tu na yameiva. Tata atainjika sufuria nyingine Jumapili, na mimi nitajificha nyuma ya nini? Nikapande mlima kila wiki?” Nilisimama, nikamrudishia koti lake. “Umenichekesha, na ninakupenda. Ndiyo, nimesema, usinitumbulie macho. Lakini sitaki kupewa mume na sufuria iliyoshindwa. Nitakuchukua mwenyewe.”

“Wacera, unakwenda wapi?”

“Kula.”

Alinifuata. Kundi lilikuwa limejikunyata kuzunguka moto, njaa imewaua, maandazi yote yameisha. Njogu alikuwa akitazama saa ya kushoto, halafu ya kulia.

“Mama Wacuka, saa nane na nusu. Wingu linashuka. Lazima tuondoke.”

“Haijaiva!” Tata alifoka. Sauti yake ilikuwa karibu na kilio. “Miaka arobaini na mitano napika githeri. Harusi, matanga, mikutano ya kanisa. Haijawahi kunikatalia! Haya maharagwe ni ya mwaka gani? Nani alinunua haya maharagwe?”

“Tata,” nikasema, “si maharagwe. Ni mahali. Huku juu hayaivi kabisa.”

“Nani kasema?”

“Kiilu anajua. Alijua tangu asubuhi.”

Tata aliinuka kwa lile goti lake bovu, mwiko mkononi, akamkabili Kiilu. Alimfika kifuani.

“Ulijua?”

“Nilijua, mama.”

“Ukaniacha nikipuliza moto saa nne nzima? Mimi mama yako?”

“Ulisema hutaki hotuba,” akasema Kiilu. Kijana mmoja wa Makadara nyuma akasema, “Ai, dere!” na wengine wakaanza kucheka. Lakini Kiilu aliinamisha kichwa. “Nisamehe. Lilikuwa kosa. Nilipaswa kukwambia.”

“Mwizi wa mchana!” Tata akasema. “Nilijua. Irungu aliniambia.”

“Basi, Tata, sasa ni zamu yangu ya kusema,” nikasema, na nikamchukulia mwiko mkononi. Kwa upole, lakini nikauchukua. Nikachota katika sufuria. Maji yalikuwa yanaruka kweli, povu jeupe, na punje za mahindi zilikuwa zinang’aa kama meno. Nikapuliza. Nikatia mdomoni.

Sijawahi kutafuna kitu kama kile. Haragwe la kwanza lilipasuka kama kokoto, na watu wote walilisikia.

“Imeiva,” nikasema.

“Wacera!”

“Imeiva, Tata. Ulisema ikiiva nije nile, nitoe neno langu la Jumamosi. Nimekuja, ninakula, na neno langu ni hili. Waje. Mkaribishe wageni, mpeleke soda mezani, mfungue chupa. Nikiulizwa tunywe, nitasema msinywe. Nitasema mara tatu kama hawasikii vizuri. Nitamsalimia Wanyoike kwa mikono miwili, hajanikosea kitu. Lakini mtu wangu ni huyu, dereva wa lori, Mkamba wa Mbooni, anayecheka wakati usiofaa. Simtoroshi, hanitoroshi. Atakuja na wazee wake kwa mlango. Mkimfungia, nitakaa mlangoni hapo na cherehani yangu. Nimeshakaa hapo, napajua.”

Upepo ulipita juu ya maji, ukayakunja. Njogu alikuwa amesahau saa zake zote mbili.

“Utalia,” Tata akasema. Hakupaza sauti sasa. “Mwana wa ndugu yangu, hujui. Kwao ni mbali, ni kukavu, mama mkwe hakutaki. Utalia.”

“Nimelia miaka kumi peke yangu, Tata, na wewe ndiye uliyekuwa ukinifuta. Wacha safari hii nilie nikiwa na mtu.”

Tata alinitazama. Sijui aliona nini. Labda baba, maana wanasema nina kidevu chake. Alinyoosha mkono ndani ya sufuria yenyewe, kwenye maji yale yale yanayochemka, akatoa haragwe moja kwa ncha za vidole bila kukunja uso. Akalibonyeza. Halikubonyezeka. Akalitia mdomoni, akalizungusha kwa jino, akalitemea majanini.

“Haijaiva, Wacera.”

“Najua, Tata.”

“Ni mbichi kabisa.”

“Najua.”

“Basi usiteme. Umesema mwenyewe mbele ya watu kwamba imeiva. Tafuna umeze.”

Nikatafuna. Nilitafuna hadi taya zikaniuma na machozi yakanitoka, na nikameza, na nikachota tena. Kiilu akaja kusimama kando yangu, akanyoosha mkono kuomba mwiko. Tata akamwahi. Akaunyakua, akauzamisha mpaka chini kabisa ya sufuria ambako mahindi yalikuwa mengi, akaujaza hadi ukamwagika pembeni, akamkabidhi.

“Wewe,” akamwambia, “unamaliza iliyobaki.”